Madume Saba ya Koikai

Kuna watu wanaojua Zaburi kwa moyo, na wengine wanajua mechi zote za Simba na Yanga tangu enzi za redio za betri. Koikai Lesikar anajua madume. Mtajie ng'ombe yeyote kuanzia Olmotonyi, kule juu kwenye misitu, hadi ardhi inapolala kuelekea Kisongo, naye atakwambia baba yake nani, babu yake nani, na kama bibi yake alikuwa mkaidi wa kukamuliwa. Hajawahi kuandika hata mstari mmoja. Yote yako kichwani, na kichwa chenyewe, tumseme kidogo, kina nafasi ya kutosha kwa sababu mambo mengine kimeyakataa kabisa, kama vile tarehe ya ndoa yake na namba ya simu ya mkewe.

Ni mrefu, mkavu, ana miaka sabini na mbili, na hutembea kama mtu anayesikiliza kitu. Wasiomjua hudhani ana usingizi. Akiitwa zizini kwa mtu kuchagua dume, husimama saa nzima bila neno, shuka mabegani, macho nusu yamefumba, wenyeji wanakunywa chai mpaka birika linaisha. Halafu ananyoosha fimbo. Lile pale. Na huwa ndilo. Kwa miaka arobaini watu wamekuja kumchukua, na kwa miaka arobaini hajarudishiwa lawama hata moja. Ndiyo maana wakamwita Baba Madume, jina ambalo mkewe Kandida hulitamka huku amebinua midomo.

Kanuni yake ni moja: dume halikai zizini zaidi ya miaka minne. Likizidi litapanda binti zake, na ndama watakaozaliwa watakuwa wadogo, wa kukohoakohoa, wa kufa na baridi ya Julai. "Damu ikikaa sana nyumba moja inachacha," husema. "Lete dume la mbali." Mabwana mifugo wenye vyeti vyao wamemsikia akisema hivyo na hawakuwa na la kuongeza.

Sasa, kwenye shamba la Koikai, chini ya migomba ambayo Kandida aliileta ikiwa machipukizi kutoka kwao Kibosho, kuna jicho la maji. Kwa Kimaa, lugha ya akina Koikai, pia huitwa jicho, maana watu wa lugha hizo mbili walipoona maji yanatoka ardhini waliona kitu kilekile, ardhi imefumbua jicho inawatazama. Ni dimbwi la mviringo. Maji yake ni vuguvugu, na asubuhi hufuka mvuke mwembamba unaotambaa hadi kwenye migomba na kupotelea humo. Chini kabisa, pale maji yanapopumua, mchanga mweusi wa mlima hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, na ukiutazama sana unasahau ulikuja kufanya nini. Saa nne hivi, mawingu yakiruhusu, Mlima Meru wote huwa umo ndani, kichwa chini.

Na humo waliishi perege. Si sato wale wakubwa wa sokoni, hapana. Ni perege wa kale wa huku, wadogo, rangi ya majani makavu. Nani aliwaweka hakuna ajuaye. Walibaki salama kwa sababu Waarusha wa zamani hawakula samaki. Babu yake Koikai aliwaita nyoka waliokatwa, na mtu hawezi kuweka nyoka sufuriani. Kwa hiyo vizazi kwa vizazi ng'ombe walikunywa, watu walichota, na samaki waliendelea na mambo yao bila kusumbuliwa na mtu.

Koikai alipokuwa na miaka mitano, mama yake alimkalisha ukingoni akamwonyesha samaki mmoja jike aliyevimba mashavu. Akamwambia tulia. Wakatulia. Samaki akafumbua mdomo, na kutoka mdomoni wakatoka watoto, wadogo kama punje za ulezi, wakasambaa majini. Kivuli cha yangeyange kikapita juu. Wote wakarudi mdomoni mara moja, na mdomo ukafungwa. "Huyu ni mzazi," mama yake alisema. "Usimrushie jiwe." Mama huyo alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Koikai hakuyajua hayo siku ile, aliyajua baadaye, na tangu ayajue hakuweza kulitazama dimbwi bila kumwona mama yake.

Kandida alipoolewa alikuja na ulimi wa kupenda samaki. Wiki ya pili alishuka dimbwini na kipande cha chandarua. Koikai akasimama kati yake na maji, mwanamume aliyekuwa hajawahi kumkatalia kitu. Wakaelewana: Kandida atanunua samaki wake soko la Kilombero, atawapika kwenye sufuria yake, na Koikai atakaa upande ambao upepo unatoka. Yeye alibaki Mkatoliki na mumewe akabaki Mlutheri, sufuria nazo zikabaki mbili, na ndoa hiyo imewashinda wengi waliokubaliana katika kila jambo.

Kila adhuhuri ng'ombe wakishiba maji, Koikai huketi pale ukingoni, mgongo kwenye mkuyu, akaingia katika hali ambayo si usingizi wala si kukesha. Humo husikia kengele za ng'ombe waliokufa zamani, akawatambua kwa mlio. Binti yake Namnyaki, kifungua mimba, ndiye anayekuja kumgusa bega jua likigeuka. Namnyaki ana miaka arobaini na miwili. Alirudi nyumbani kutoka kwa mumewe miaka minane iliyopita akiwa na begi moja, na nyumba nzima ikajifunza kutomuuliza. Ndiye anayenywesha ng'ombe. Hasemi sana, ila anaona.

Halafu zikaja mashine za kuvuta maji. Nyanya za kumwagilia ndizo zilizozileta. Jirani mmoja aliweka ya kwanza, wa pili akaiga, na jicho la maji, ambalo zamani lilikuwa na upana wa hatua ishirini, likabaki na kumi na nne. Perege wakawa wachache, na wale wachache wakawa wadogo zaidi. Koikai aliwatazama msimu mmoja mzima. Akaona wamekonda, wamepooza, wanafanana mno. Mtu mwingine angesema maji. Yeye alisema damu. Miaka yote hii wamejifungia humu, wanaoana ndugu kwa ndugu! Akajilaumu kwamba amehangaika na mazizi ya watu wengine huku zizi la mama yake linachacha.

Dume la mbali alijua pa kulipata. Shemeji yake Philemoni, mdogo wake Kandida, anafuga samaki nyuma ya nyumba yake Kimandolu, kwenye mabwawa mawili ya saruji. Koikai akaenda, akasimama ukingoni, akaona migongo minene inapita chini ya maji.

"Hawa ni nani?"

"Sato, shemeji. Wa kufuga. Madume watupu hao."

"Watupu? Majike wako wapi?"

"Hatuweki majike. Dume ndiye anayekua haraka."

Koikai alisikitika sana. Nyumba nzima ya madume na hakuna hata mke mmoja! Akaona ni kama Mungu mwenyewe amempangia. Akaomba dume, na kwa shemeji dume haliuzwi, linatolewa. Philemoni akacheka, akaleta mbege, pombe yao ya ndizi, na kigoda, akamwachia wavu. Kuchagua kulichukua saa moja na nusu. Kandida angekuwepo angesema mumewe amelala. Kisha fimbo ikaanza kunyooka: yule, na yule, na yule mwenye bega. Madume saba. Yakapanda bodaboda ndani ya ndoo iliyofunikwa khanga, Koikai ameikumbatia kwa mikono miwili njia nzima, akiyasemesha pole pole kila kwenye tuta. Akayamimina dimbwini saa kumi jioni, akavua kofia, akasali sala fupi ya Kilutheri kwa ajili ya uzao.

Na uzao ukaja. Mwaka wa pili dimbwi lilikuwa limechangamka. Samaki wenye vifua, wenye haraka, wanaokuja juu mtu akitupa pumba. Koikai aliwatazama kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa ng'ombe. Alihisi kwamba, mahali fulani, mama yake ameridhika.

Ni Namnyaki aliyeharibu. Siku moja, ng'ombe wanakunywa, alisema, "Baba, hawa si wale."

"Wale gani?"

"Wale wa bibi. Hawa wana mistari mkiani. Wale hawakuwa na mistari. Na majike wa zamani siwaoni ila wachache, kule kwenye mizizi ya mkuyu. Wamejificha."

"Wewe unajua nini kuhusu damu?" Koikai alimjibu. Mwanamke aliyerudi nyumbani bila mtoto, kuambiwa hajui damu. Neno lilikuwa baya, na alilijua ni baya lilipokuwa bado mdomoni, lakini lilishatoka. Namnyaki akawageuza ng'ombe. Tangu siku hiyo alimsalimia baba yake kwa mbali, akiwa na kazi mkononi.

Julai iliyofuata, siku ya ukungu ambao haukuinuka hadi saa sita, gari aina ya pikapu lilisimama kwenye migomba. Akashuka msichana mwenye buti za mpira na kofia ya sufu. Jina lake Evelyn, nyumbani kwao Engutoto, na kazi yake ni kusomea samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kuwala?"

"Hapana babu. Nimekuja kuwaona tu."

Koikai akampenda papo hapo. Akampeleka mwenyewe, akamwonyesha mahali pa kukaa, na wakakaa, mzee na binti, mvuke ukipita kati yao na maji. Evelyn alieleza kwamba amezunguka miaka miwili akitafuta perege wa kale, bwawa kwa bwawa, na karibu kila mahali amechelewa. Hili ni la kwanza alilolikuta limejitenga, halina mto unaoingia, wala mradi wowote haujawahi kulifikia. Akafungua daftari.

"Babu, kuna mtu yeyote aliyewahi kupandikiza vifaranga humu?"

Koikai akacheka hadi fimbo ikamponyoka. "Vifaranga? Mwanangu, si vingezama!"

Evelyn naye akacheka, akaona mzee ana utani, akaandika: Hakuna.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kwa wafuga samaki kifaranga ni mtoto wa samaki. Kwa Koikai kifaranga ni mtoto wa kuku, na mtoto wa kuku hakuwahi kumtia majini hata mmoja. Alijibu kweli tupu.

Evelyn akavua wachache kwa kijiwavu cha mkono, wadogo wa ukingoni, urefu wa kidole. Kila mmoja akamkata ncha ya pezi, kipande kama ukucha wa mtoto, akakitumbukiza kwenye kichupa cha spiriti na kumrudisha samaki majini. Kipande hicho kitakwenda maabara, alisema, na humo watasoma vinasaba vyake, yaani baba nani, babu nani, hadi mwanzo wa ukoo. Koikai alishika kichupa kimoja akakiangalia kwenye mwanga. Kumbe duniani kuna watu wengine wanaofanya kazi yake!

"Majibu yatachukua miezi mitatu," Evelyn alisema, "lakini haya maji yenu yanashuka, siwezi kusubiri. Baada ya wiki mbili nitakuja kuchukua arobaini. Tuna bwawa kwenye kituo chetu cha utafiti, tumewatunza perege thelathini wa kale waliotoka kwenye tindiga moja, eneo la majimaji ambalo sasa limekauka. Thelathini peke yao ni wachache, ukoo mdogo ukijioa wenyewe unakwisha. Hawa wako watawaongezea damu."

"Haswa!" Koikai akapiga paja. "Ndiyo ninayowaambia watu kila siku."

"Muhimu tu wasiwe chotara."

Koikai akakuna kidevu. "Chotara si ndiye bora? Ng'ombe chotara anakupa ndoo mbili asubuhi."

"Kwa ng'ombe, sawa babu. Ukimtaka wa asili utampata kwa jirani. Hawa hakuna jirani. Sato amewekwa kila bwawa sasa hivi. Dume la sato linapanda jike la perege, watoto wao wanazaa, wajukuu wanazaa, na vizazi vichache mbele unatafuta perege humuoni. Hajafa. Ameyeyuka tu."

Ukungu ulikuwa umeshuka tena hadi kwenye maji. Koikai aliona mdomo wa msichana unaendelea kusema lakini sauti ilimfikia kutoka mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Aliuliza hao sato wanafikaje.

"Watu huwaweka. Kwa nia njema kabisa. Hilo ndilo linaloniuma."

"Na penye machotara mnafanyaje?"

"Inabidi kuwatoa wote, babu. Hadi wa mwisho."

Evelyn akaaga, akaahidi kuja na matangi. Koikai akampungia mkono. Habari ya madume saba ilibaki kwake.

Wiki mbili hizo zilikuwa na mchana mrefu kuliko zote alizowahi kuishi. Kila alipoegemea mkuyu alifumba macho, na kila alipofumba macho, madume saba yalitoka majini. Yalitoka yakiwa yamelowa, yamevaa kengele shingoni, yakapanda malisho kwa mwendo wa taratibu, yakiingia mazizi yote aliyowahi kuchagulia watu dume, na wenye mazizi wakifungua milango na kuyashukuru. Mama yake alikuwa amesimama uani. Mashavu yake yamevimba. Koikai akamuuliza, mama, una nani humo mdomoni? Akatikisa kichwa. Hakufumbua. Koikai aliamka nzi wakiwa usoni, ng'ombe wameshaondoka, na hakuna aliyekuja kumgusa bega.

Aliogopa. Tuseme wazi, Baba Madume aliogopa kama mtoto. Akisema, jina la miaka arobaini limekwisha, na dimbwi la mama yake litamwagwa hadi samaki wa mwisho. Asiposema, arobaini watapanda pikapu wakaungane na wale thelathini waliobaki duniani. Maabara itagundua, ndiyo, baada ya miezi mitatu. Lakini hakuna aliyejua kuliko yeye dume linaweza kufanya nini kwa miezi mitatu.

Jioni moja alimkuta Kandida anachambua maharage.

"Philemoni ameniuliza," Kandida alisema bila kuinua macho, "kama madume yako hayajambo."

Koikai akakaa chini. "Ulijua?"

"Baba Namnyaki, uliwafunika na khanga yangu. Ilinuka mwezi mzima. Nikasema mzee huyu amekula samaki kwa siri baada ya miaka arobaini na zaidi, nikafurahi." Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. "Sasa huyo binti wa samaki anakuja kesho. Mficha uchi hazai."

"Unataka niungame, kama ninyi."

"Nyie Walutheri hamna shida, mnasema moja kwa moja. Sema basi."

Kesho yake pikapu lilikuja na matangi mawili ya bluu. Lomayani, jirani, alikuwa amefika pia kumchukua Koikai akamchagulie dume, akaambiwa asubiri. Evelyn na Namnyaki wakaingia majini na wavu, maji kiunoni, wakivuta pamoja bila maneno kama wanawake waliovua pamoja miaka yote. Ishirini. Thelathini. Thelathini na nane. Koikai alikuwa amesimama kando akihesabu, na kila samaki aliyeinuliwa alimtambua. Huyu baba yake ni yule mwenye bega. Huyu mjukuu wa yule wa tatu. Alipomwona wa thelathini na tisa, miguu yake yenyewe ikaenda hadi kwenye tangi.

"Usiwapeleke," alisema.

Evelyn aligeuka.

"Vifaranga sikuleta. Nilileta madume. Saba, sato, kutoka Kimandolu. Niliyachagua mwenyewe." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Yalikuwa madume mazuri," akaongeza, maana hata aibu ina mipaka, mtu hawezi kuikana kazi yake.

Evelyn alitoka majini akaketi kwenye nyasi na buti zake zimejaa maji. Alikasirika, na hakuficha. "Babu, nilikuuliza! Nilikuuliza kabla ya kitu chochote!"

"Uliuliza vifaranga."

Akamtazama. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamgeukia akawa analia, akajifuta kwa mkono wenye matope. "Ningewachanganya na wale thelathini," alisema. "Leo hii jioni. Ningewamaliza kwa mikono yangu."

Koikai akavua kofia. Lomayani alikuwa anatazama viatu vyake. Ni Namnyaki aliyezungumza, bado yumo majini. Alisema si wote. Kule kwenye mizizi ya mkuyu wamo wengine, mkia hauna mistari, hawaji juu mtu akitupa pumba. Wao ndio wa zamani. Yeye huwaona kila siku.

Wakawatoa mmoja mmoja, kwa mikono, Namnyaki akipapasa chini ya mizizi hadi maji yakamfika kidevuni. Evelyn alisema kutazama kwa macho tu hakutoshi, damu hujificha, kwa hiyo kila samaki mkubwa wa dimbwini akakatwa pezi na kuwekwa peke yake hadi majibu yatoke. Walikuwa hamsini na mmoja. Majibu yaliporudi, wasiochanganyika walikuwa tisa. Saba kati ya hao tisa ni wale waliotoka kwenye mizizi.

Waliobaki dimbwini waliondolewa, mwezi mzima, hadi wa mwisho, na kata nzima ilikula samaki, hata wazee walioapa hawatakula. Koikai hakushuka kutazama. Alikaa uani akisikia watu wanacheka kule chini. Siku ya mwisho, Evelyn alikuja na karatasi. Wakasimama ukingoni, yeye na Koikai na Kandida na Namnyaki, na Lomayani ambaye alikuwa bado hajapata dume lake. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Mlima ulikuwa humo, na hakuna kilichopita juu yake.

Evelyn alieleza kwamba wale tisa wataunganishwa na thelathini wa kituoni, na uzao wao ukiwa mwingi, na dimbwi likihakikishwa kuwa safi, watarudishwa. Pengine miaka kumi. Kwa muda wote huo anatakiwa mtu wa kulinda jicho hili la maji, asiruhusu mtu kumimina chochote, hata kwa nia njema, na kumwita yeye maji yakishuka. Jina la mtu huyo linaandikwa hapa. Akamtazama Koikai na kalamu ikiwa tayari, kwa sababu alikuwa amemsamehe, na kwa sababu shamba ni la Koikai na kila mtu hapo alijua nani ni mwenyewe.

"Andika Namnyaki," Koikai alisema.

Kalamu ikangoja.

"Namnyaki Koikai. Aliniambia hawa si wale, nami nikamwambia hajui damu. Nilisema hivyo kwa mwanangu." Alikuwa akisema kwa sauti, Lomayani asikie, na kupitia kwa Lomayani kata nzima isikie. "Mimi niliyachagua yale saba kwa saa moja na nusu na sikuona kitu. Yeye aliona. Mwandike yeye."

Evelyn akaandika. Kandida alikuwa amegeuka anapanga khanga yake ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Na wewe babu, utakuwa unakuja kuwaona wakirudi," Evelyn alisema.

"Miaka kumi?" Koikai alitabasamu. "Hapana, mwanangu. Mimi sitawaona tena." Na ilimuuma, akawaacha wote waone kwamba imemuuma.

Namnyaki akaweka chini ndoo ya kunyweshea, akaja hadi mbele yake. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, akainamisha kichwa kama mtoto wa Kiarusha anavyomwinamia baba yake akitaka kusalimiwa. Koikai akauweka mkono wake utosini pake, akauacha hapo muda mrefu, na Lomayani alipokohoa kuulizia habari ya dume lake, Koikai akamwambia arudi kesho, na amwombe Namnyaki wafuatane, akalitazame yeye.